Kuku Wakianza Kukoroma



Hapa kwetu kuku si nyama tu. Kuku ni mfuko wa pesa unaotembea nyuma ya nyumba. Mtoto akirudishwa kutoka masomo sababu ya pesa, kuku anaenda sokoni. Mgeni akifika, ni kuku. Mgonjwa akipelekwa hospitali, tena ni kuku. Kwa hiyo siku unaposikia kuku wanakohoa na kukoroma usiku, usingizi unakwisha.

Mimi ni mchungaji, si munganga wa nyama. Lakini nimefuga miaka mingi, na nimeuliza sana wale waliosomea kazi hiyo. Neno la kwanza walilonifundisha ni hili: kikohozi cha kuku si ugonjwa mmoja. Ukikosa kupambanua, utapoteza pesa kwa dawa isiyofaa.

Kuku akikoroma polepole kwa majuma mengi, anakonda, anapunguza mayai, lakini hafi haraka, mara nyingi ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vijidudu. Akivimba uso, macho yanafungika, na pua inatoa maji yenye kunuka vibaya, ni mafua makali ya kuku. Magonjwa haya mawili yanaweza kusaidiwa na antibiotiki. Ndiyo, lakini uliza mwenye kujua kipimo. Na siku za dawa, pamoja na siku zinazofuata kama karatasi ya dawa inavyosema, mayai na nyama visiliwe wala visiuzwe.

Lakini kuku wakipanua midomo kutafuta hewa, wakiharisha majani mabichi, wengine wakipinda shingo au kulegea mabawa, na wanakufa wengi kwa siku chache, hapo jambo ni lingine. Huo ni ugonjwa wa Newcastle, uliopata jina lake kwa mji wa Uingereza ambako ulijulikana mwaka 1926. Tanzania wanauita mdondo au kideri. Dawa ya kuuponya hakuna. Vidonge vya watu vinavyouzwa sokoni haviwezi kitu, hata ukivisaga na kuvitia katika maji. Dawa ni moja: kuchanja kabla.

Chanjo ni tone moja katika jicho, au ndani ya maji ya kunywa, na inarudiwa kila miezi mitatu au mine. Chanja kuku wazima tu, na uhesabu juma moja au mawili mpaka wapate nguvu. Kama ni ya maji, tumia maji ya kisima, si yale yenye klorini, kwa sababu klorini inaua chanjo. Ile inayoitwa La Sota inataka baridi njia yote, kwa hiyo isafiri na barafu. Iko nyingine, I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji, na Tanzania wanaitengeneza wenyewe. Hiyo inavumilia joto zaidi. Lakini chupa moja inatosha kuku mia na zaidi, na ikifunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Nani kati yetu ana kuku mia? Basi majirani wapatane, wanunue pamoja, wachanje siku moja.

Sasa nifike kwenye neno gumu. Katika mtaa wetu kuna mama mjane aliyekuwa na kuku kumi na mmoja. Kwa siku mbili walikufa watatu. Asubuhi ya tatu mchuuzi akafika na kinga yake, anakusanya kuku wa kupeleka Kolwezi. Akatoa bei kwa wale wanane. Mama akaja kwangu.

“Pasta, nikibakia nabo, bote batakufa. Nikibauzisha leo, mutoto ataenda ku masomo. Nifanye namna gani?”

Ni rahisi kumjibu mtu mwenye shiba. Lakini huyu mama hakuwa anatafuta faida. Alitafuta mwaka wa shule wa mtoto wake. Nilimwambia ukweli: kuku hao wataingia katika kitunga kimoja na kuku za watu wengine, na wengine watanunuliwa wafugwe, na ugonjwa utaingia nyumba ambazo hatuzijui. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaenda kumwambia mchuuzi apite.

Kati ya wale wanane, sita walikufa. Tuliwazika katika shimo la kina, hatukuwatupia mbwa.

Wandugu, hapo kazi haikuwa imeisha. Tuliita majirani tukawaambia: kuku zenu zinaweza kuwa hai leo kwa sababu mama huyu alikataa pesa. Tukakusanya ya masomo ya mtoto. Wengine waliita sadaka. Mimi naona lilikuwa deni. Tukimwomba maskini asiuze ugonjwa, halafu tukamwacha peke yake na hasara, mara ya pili atauza usiku, na hatuna haki ya kumhukumu.

Tangu hapo tumepatana maneno machache. Kuku mpya, hata wa zawadi, anakaa peke yake siku kumi na nne. Hili linanihusu mimi kwanza, kwa maana nikitembelea vijiji ninafungiwa kuku kwenye kinga, na kuku huyo anaweza kubeba kijiji kimoja mpaka kingine. Wakati wa ugonjwa ninawaomba wanipe mihogo. Banda linafagiliwa, linapata hewa, moshi wa jikoni usiingie, maana harufu kali ya mavi na vumbi la kiangazi vinaharibu mapafu ya kuku mzima. Anayetoka kwenye banda la wagonjwa anaosha mikono na viatu. Kuku wengi wakifa kwa ghafula, mkubwa wa mifugo anaambiwa siku ileile.

Vijana, kazi ya kuandika tarehe za chanjo ni yenu. Chukueni daftari, pimeni miezi, na mupite nyumba kwa nyumba kukumbusha. Wale kuku wawili wa yule mama walipona. Mmoja ni tembe, na ameanza kutaga tena.