Siku ya Kunyamaza

Watoto wetu walipomaliza kuondoka nyumbani, mume na mke tulijikuta hatuna la kuzungumza. Tukaanza kudunduliza fedha za safari ya Bali, Indonesia, tukaone ngoma zao na mashamba ya mpunga yaliyochongwa ngazi ngazi milimani.

Kumbe tarehe tuliyochagua ilikuwa Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa kule! Kwa saa 24 uwanja wa ndege hufungwa, barabara huwa tupu, wageni nao hubaki hotelini.

Tulitaka kuahirisha. Baada ya kuomba tukaamua kufika siku mbili kabla. Ibada yao si yetu, lakini kimya chao tutakiheshimu. Kimya cha nyumbani kilikuwa cha kukimbiana. Hiki tutakikalia pamoja.