Maji Nayo Hayana Mfupa

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Mimi naongeza: maji nayo hayana, ila yakipata mwendo yanavunja. Jambo hili nimekuwa nikilisoma kwenye simu huku Hombolo, katika maandishi ambayo wapenzi wengi wa fasihi wangeyaruka: ripoti za wahandisi wanaolinda vinu vya nyuklia.

Swali lao ni rahisi kulisema. Ndege ikigonga ukuta wa kinu, mafuta yaliyojaa kwenye mabawa yatafanya nini? Mwaka 1988, kule New Mexico, Marekani, maabara ya Sandia iliisukuma kwa roketi ndege ya kivita F-4 Phantom juu ya reli mpaka ikagonga bonge la zege lenye unene wa mita 3.66, kwa mwendo wa mita 215 hivi kwa sekunde. Matangi yake yalijazwa maji badala ya mafuta. Ndege ikasagika. Zege likabaki na makovu tu.

Jaribio kama hilo ni ghali mno kurudiwa kila wiki, ndipo kompyuta inapoingia. Njia mojawapo hukigawa kimiminika kuwa maelfu ya chembe, kila moja na uzito na mwendo wake, zikisukumana na jirani zake. Ilibuniwa mwaka 1977, na waliobuni walikuwa wanahesabu mambo ya nyota! Chembe za nyota zikaja kuwa mafuta ya ndege. Mimi hapo nikanogewa kabisa.

Mjomba wangu alianza na boza la maji, siku hizi anabeba mafuta toka Dar. Nilipomweleza alicheka.

"Sasa mjomba, hilo mpaka kompyuta? Tangi likijaa, mzigo umetulia. Likiwa nusu, ukikanyaga breki maji yanakwenda mbele, yanarudi, yanakusukuma. Gari limesimama, maji bado yanasafiri."

Sentensi hiyo ya mwisho ningeipenda iwe yangu. Mama zetu nao, wakibeba ndoo kichwani, huweka majani juu ya maji ili yasirukeruke. Elimu ni ileile, tofauti ni hesabu.

Lakini kuna kitu ripoti nilizosoma hazina. Zinafuatilia tone linavyosambaa na moto unavyowaka. Mtu mwenye dumu hayumo, maana kinu kina uzio. Barabara zetu hazina. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100.

Chembe ya kwenye kompyuta ikibanwa hukimbia kule kusikobana. Binadamu naye hubanwa na ada, kodi, unga, ila yeye mbano wake humsukuma kuelekea kwenye tangi lenyewe. Watu waliwaita wajinga. Mimi naona walikuwa wanatii nguvu ambayo hakuna aliyeiingiza kwenye hesabu.

Mjomba hupita Msamvu mara kwa mara. Juzi nilimuuliza angefanya nini tangi lake likipasuka. Akasema angepiga kelele watu wakae mbali, hata kabla hajaitafuta simu yake.

Akanyamaza kidogo. "Na hawatanisikia, mjomba."