Mkono wa Bibi Usiotulia

Bibi yangu mzaa mama anakaa Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda milima ya Uluguru. Tangu nipate akili namwona kibarazani akisuka ukili, na mikeka niliyolalia utotoni yote imetoka mikononi mwake. Mwaka jana binti wa mjomba, anayeishi Dar es Salaam, aliniomba: "Dada, nirekodie bibi anavyosuka. Nataka kujifunza, na umri wake ndio huo unakwenda."

Mimi nikajitia utaalamu. Video ya kawaida niliona haitoshi. Kuna programu zinazotafuta mkono ndani ya video na kuweka alama 21 kwenye viungo vyake, kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole. Ukiziunganisha kwa mistari unapata mkono wa vijiti, kila kidole na rangi yake, ambao mwanafunzi anaweza kuufuata polepole.

Nilirekodi jioni, kigiza kikiingia. Kuja kuangalia, alama zinaruka kama bisi kwenye sufuria. Kumbe mwanga ukiwa hafifu, kamera ya simu hukikuza kile kidogo inachokipata, na chenga zinakuzwa pamoja nacho. Programu nayo hukisia upya mahali pa kila kiungo katika kila picha, na picha ni 30 kwa sekunde. Chenga zikibadilika, makisio yanaruka, hata kama kidole kimetulia.

Dawa ya haraka ni wastani. Huamini picha moja. Unachukua mahali alama ilipokuwa kwenye picha 10 za mwisho, unajumlisha, unagawa kwa 10. Mkono ukatulia tuli. Nikampelekea bibi kwa furaha.

Akaangalia kimya, kisha akauliza, "Mkono wa nani huu?"

"Wako, bibi."

"Wangu unatetemeka, mjukuu wangu. Huu wa mtu aliyelala. Na pale ukingoni nageuza jani, mbona hapa sigeuzi?"

Nikarudia picha moja moja, nikaona kasema kweli. Mkono wake huenda na kurudi ndani ya picha 5 hivi, yaani kama mara 6 kwa sekunde. Picha 10 zinabeba mizunguko miwili kamili, kwa hiyo kwenda kunafuta kurudi. Na kule kugeuza jani, kitendo cha kufumba na kufumbua, kulikuwa kumefifia na kuchelewa. Nilikuwa nimemwaga tui nikabaki na machicha.

Mwaka 2012 watafiti Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel walitoa kichujio walichokiita Yuro Moja. Akili yake ni nyepesi: alama ikienda polepole, kinachuja kwa nguvu, ikienda kasi, kinalegea ili isichelewe. Nikakijaribu. Jani likageuka vizuri, lakini mtetemeko haukurudi. Kwa vipimo nilivyoweka, mtetemeko mdogo na chenga kwake ni kitu kimoja.

Hapo ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho. Nililaza mkono wangu mezani, kibaraza kilekile, saa ileile, nikarekodi. Alama ziliruka karibu sawa na za bibi! Asubuhi nikautoa nje, penye mwanga wa kutosha: zilitikisika kidogo sana. Basi nikamwomba bibi asukie nje asubuhi. Safari hii kichujio kidogo tu kilitosha, na mtetemeko ukabaki.

Na ulipobaki, nikaona jambo. Kabla ya kugeuza jani, bibi hulikandamiza kwa dole gumba mpaka mkono utulie. Kwenye video ya kwanza kidole kilionekana kinasimama bure. Kumbe ndiyo mbinu yake ya kusuka na mikono ya uzeeni, na hakuwahi kuisema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Nilimwonyesha. Akacheka. "Ee, huyu sasa mimi."

Juzi binti wa mjomba ametuma picha ya ukili wake wa kwanza. Umepinda kama njia ya mlimani. Lakini anasema amejifunza kubana kwa dole gumba, na jani halimponyoki tena.