Chanjo inayovumilia joto ni jambo letu pia

Hapa Kivu ya Kaskazini, chanjo isipofika kijijini, tunalaumu barabara mbovu, ukosefu wa umeme na usalama mdogo. Yote ni kweli. Lakini kuna swali ambalo sisi waandishi wa habari tunaliuliza mara chache: chanjo yenyewe imetengenezwa kwa safari gani?

Swali hilo lilinijia wakati wa Ebola, iliyotangazwa kwetu Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200. Chanjo iliyotumiwa, ambayo leo inaitwa Ervebo, ni kirusi hai ndani ya maji. Inatunzwa kwenye baridi ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri. Ikiisha kuyeyuka, inabaki na siku 14 tu ndani ya friji ya kawaida. Karibu na Butembo niliona muuguzi akitazama kwanza kipimajoto cha sanduku, ndipo atazame watu waliopanga mstari.

Ndui ilishindwa kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950, Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, Uingereza, alifaulu kukausha chanjo yake vizuri: inagandishwa, kisha barafu inaondolewa kama mvuke bila kugeuka maji. Aliongeza peptoni ili kukinga kirusi. Unga ule ulivumilia joto, ukafika vijiji visivyo na friji. Mgonjwa wa mwisho wa ndui nchini mwetu alionekana mwaka 1971. Sisi watu wa ziwa tunaelewa: samaki mbichi anaoza njiani, sambaza kavu inafika Walikale.

Hata hivyo, kukausha hakumalizi kazi. Chanjo ya surua ni unga, lakini inahitaji digrii 2 hadi 8, na ikiisha kuchanganywa na maji yake, inayobaki inatupwa baada ya saa 6. Nyingine, kama ile ya kinga tano, ina chumvi ya aluminiamu. Hiyo inaharibika ikiganda. Kwa hiyo kurundika barafu sandukuni si dawa ya kila kitu.

Wamama wanaojifungua wanahusika pia. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu nyingi baada ya kuzaa, inapoteza nguvu kwenye joto. Sasa kuna kabetosini ya aina inayokaa bila friji, mradi joto lisizidi digrii 30. Kwa kituo cha afya kisicho na umeme usiku, tofauti hiyo ni uhai wa mama.

Ombi langu kwa wanaotununulia dawa: msilinganishe bei ya chupa tu. Hesabuni pia friji, mafuta ya jenereta, pikipiki, na chupa zinazotupwa kabla ya kumfikia mgonjwa.