Mkoba wa Zamani na Bizimu Mpya

Katika nyumba nyingi za Wakristo huku Buha, toka Kasulu hata Kibondo, umo mkoba wa kutunzia vyeti vya ubatizo na vya ndoa, hati za shamba, na fedha ya sadaka ingojayo Jumapili. Nao ndugu waliokimbia vita vya Burundi na vya Kongo, wakapokewa katika wilaya hizi tangu miaka ya 1990, wajua zaidi yetu ya kuwa nyumba ikiachwa, husalia kile tu ambacho mtu aweza kukichukua mkononi.

Sisi twao mmoja wa ngozi, tulioachiwa na marehemu mama yetu, aliyekuwa akifundisha watoto siku za Jumapili. Ngozi yake ni ya ng'ombe, nene na nzima. Lakini ulimi wa bizimu ulikatika, na pete ya ukanda ikaliwa na kutu. Watoto walisema tununue wa plastiki. Tukaupeleka kwa fundi viatu sokoni Kasulu, aweke bizimu mpya mara moja.

Fundi akaukunja ukanda kwa vidole, akasema, “Wazee wangu, ngozi hii imekauka. Nikishona chuma kipya leo, baada ya siku chache kitatoka pamoja na kipande cha ngozi.”

Basi akaupangusa mkoba kwa kitambaa chenye unyevu, akauacha kivulini, maana jua na moto huipasua ngozi. Siku ya pili akaupaka mafuta kidogo kidogo hata ukalainika. Kisha akakata kipande chembamba cha ngozi katika kiatu kilichochakaa, akakitia nyuma ya mahali pa bizimu, ili uzito usibebwe na matundu ya zamani peke yake.

Uzi akaupitisha katika nta ya nyuki, ile ambayo misitu ya miombo ya Kibondo yatupa pamoja na asali. Nta huufanya uzi uteleze, wala usinywe maji na kuoza upesi. Akashona kwa sindano mbili, moja toka kila upande, zikipishana katika tundu lile lile. Hivyo uzi mmoja ukikatika, wa pili hushika. Wala hakutoboa matundu mapya, kwa kuwa yakikaribiana mno ngozi huchanika kama karatasi.

Bizimu na pete akachagua za shaba, nyepesi, zenye upana sawa na ukanda. Ikiwa nyembamba, bizimu huikunja ngozi. Ikiwa pana, hucheza na kuisugua. Akazijaribu kwa sumaku: chuma kilichopakwa rangi ya shaba hunaswa, shaba yenyewe hainaswi.

Tulipokuwa tukitazama, tulikumbuka mafundisho ya Bwana wetu katika Mathayo 9, habari za kiraka kipya katika vazi kuukuu. Kipya chenye nguvu huweza kukirarua cha zamani. Fundi yule aliijua hasara hiyo, akaitangulia kwa mafuta na kwa kile kipande cha nyuma.

Ninyi walimu, mtoto aliyekaa nyumbani muda mrefu kwa ugonjwa akirudi, msimtwike siku ya kwanza hesabu zote za wenzake. Nanyi wazazi, bibi arusi akiingia nyumbani mwenu, msimdai desturi zote za ukoo kabla hajazoea kicheko chenu. Nanyi wazee wa kanisa, ndugu aliyerudi kundini msimtwike kazi nzito upesi, wala msimtupe kando kana kwamba hafai. Mlainisheni kwanza kwa upole, kisha mpeni mwenzake wa kusimama nyuma yake. Kipande kile cha kiatu hakionekani na yeyote autazamaye mkoba wetu. Lakini hicho ndicho kishikacho bizimu. Mungu atujalie kuwa tayari kushika mahali kama pale.