Swali Ambalo Hatukuulizwa

Chimala wananiita "daktari". Kila nirudipo likizo hakosi mzee wa kunionyesha goti linalomsumbua, nami humweleza kwamba udaktari wangu ni wa vitabu tu. Miaka mitatu iliyopita jina hilo lilinielemea kwelikweli.

Binti wa dada yangu, akiwa na miaka 26, aligundulika kuwa na saratani ya titi. Kwa kuwa mimi ndiye mjomba msomi, ukoo ulinikabidhi jukumu la kumpeleka Dar es Salaam. Nilisoma fomu, nikauliza gharama, nikauliza muda, nikauliza hata kama nywele zitaota tena. Alitibiwa na leo yu hai. Kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini hedhi haikurudi. Jioni moja, tukikusanya mpunga ulioanikwa uani, aliniuliza: "Mjomba, walijua kwamba dawa zile zingeweza kunifunga kizazi?"

Walijua. Hata mimi ningejua, kama ningefungua kitabu kimoja.

Baadhi ya dawa za saratani, siklofosfamidi ikiwa mojawapo, huua mayai ya mwanamke. Mionzi ya nyonga huharibu ovari na mji wa mimba. Njia za kujihadhari nazo zipo. Mbegu za mwanamume hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kuzitoa ni kazi ya siku moja. Mwanamke huhitaji takriban wiki mbili za sindano kabla ya mayai yake kuvunwa. Anayesubiri mionzi ya nyonga anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuzisogeza ovari mbali na miale. Mwaka 2004, nchini Ubelgiji, mwanamke aliyehifadhiwa vipande vya ovari kabla ya matibabu ya saratani na baadaye kurudishiwa vipande hivyo alijifungua mtoto.

Najua watakachosema wakubwa: nchi ambayo wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa haina nafasi ya anasa kama hizi. Hoja hiyo ina uzito. Zipo saratani zisizosubiri hata wiki moja, na huduma hizi ni ghali kupita mavuno ya mkulima wa Usangu. Huenda hata tungeulizwa, dada yangu asingemudu.

Lakini kuuliza si anasa. "Je, ungependa kupata mtoto baadaye?" ni sentensi moja, inaenea kwenye fomu ileile tuliyoisaini. Asiye na fedha naye ana haki ya kujua anachokaribia kukipoteza, akashauriwa na kuamua mwenyewe, badala ya kuligundua jambo hilo peke yake kwa kuhesabu miezi. Kwetu mwanamke asiyezaa huulizwa kila harusi na kila msiba. Ni ajabu kwamba mahali pekee ambapo hakuulizwa ni pale ambapo swali lingemfaa.

Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Watumishi wenzangu wa umma mnaopanga vitita vya mafao, lijadilini suala hili bila aibu. Anzeni na ushauri kabla ya dripu ya kwanza, kisha muone bajeti inafika wapi.

Nanyi wanafunzi wangu, mkimsindikiza mgonjwa, ulizeni swali ambalo mimi, pamoja na shahada zangu zote, sikuliuliza.