Mahindi ya Padova

Kabla sijaenda Italia nilikuwa nimeshakula chakula cha Kiitaliano Dar es Salaam na Iringa mjini, kama watu wengi: piza, na spageti iliyozama kwenye rosti ya nyama ya kusaga. Katika nyumba niliyofikia Padova, piza haikupikwa kabisa. Ilinunuliwa Jumamosi usiku, ikaliwa juu ya boksi lake, na hakuna sahani iliyochafuka. Ilikuwa njia ya mama mwenye nyumba ya kupumzika.

Hiyo ilikuwa mwaka 2012. Mimi ni afisa lishe, mzaliwa wa Iringa, na nilikwenda kule kwa masomo. Kwetu Padova si jina geni. Madaktari wa CUAMM, shirika lililoanzishwa mji ule mwaka 1950, wamefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Tosamaganga, na mmoja wa waliowahi kupita kwetu ndiye aliyenitafutia nafasi kwa jamaa zake, nje kidogo ya mji, upande wa vilima vya Euganei. Walikuwa wanne: baba na mama waliokuwa wakikaribia kustaafu, kijana wao wa chuo, na mama mzaa baba, ambaye kila mtu, hata muuza magazeti, alimwita Nonna. Alikuwa ameshapita miaka themanini na alizungumza lugha ya Veneto zaidi ya Kiitaliano cha vitabuni, kwa hiyo miezi ya mwanzo mjukuu wake ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, na mara nyingi alitafsiri huku anacheka.

Chai ya asubuhi sitaieleza kwa sababu haikuwepo. Kulikuwa na kahawa ya moka, lile birika dogo lenye sehemu mbili: maji yanakaa chini, kahawa ya kusagwa katikati, na mvuke unayasukuma maji yapande juu yakiwa yameshakuwa kahawa. Nonna hakuruhusu birika hilo liguswe na sabuni, lilisuuzwa tu. Pamoja na kahawa kulikuwa na biskuti za kuchovya kwenye maziwa, basi. Mtu aliyekulia kwenye viazi vitamu na chai ya maziwa anaweza kuvumilia, ila anaijua vizuri saa saba ya mchana inapokaribia.

Na saa saba ilikuwa na utaratibu wake. Simu ililia. Alikuwa baba, yuko njiani kutoka kazini. Hakusalimia wala hakuuliza habari za nyumbani. "Niko darajani," alisema, na mama akatumbukiza tambi kwenye sufuria. Maji yalikuwa yameshachemka, chumvi ya mawe imeshawekwa, na tambi zimeshapimwa kwenye mizani: gramu 80 kwa kila mtu, na mimi gramu 100 kwa sababu ya ugeni. Dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mama alivua uzi mmoja, akaung'ata, akautazama pale alipoukata kwa meno. Ukibaki na kiini chembamba cheupe katikati, tambi zinatolewa, zinamaliziwa kuiva kwenye kikaango cha mchuzi pamoja na upawa mmoja wa yale maji yaliyozichemshia. Baba alipofungua mlango, sahani zilikuwa zinatua mezani.

Kwetu chakula humsubiri mtu. Kinafunikwa, kinatiwa kwenye hotpoti, na aliyechelewa anakikuta. Pale mtu ndiye anayekisubiri chakula, ameshanawa, ameshakaa, kitambaa kiko mapajani.

Mchuzi wenyewe ulikuwa kidogo mno kwa jicho langu. Siku moja nyanya na kitunguu tu, siku nyingine kitunguu kilichopikwa polepole na dagaa wa chumvi mpaka vyote vikapotea, nacho hicho walikila na tambi nene za kule Veneto ziitwazo bigoli, hasa siku za kufunga nyama. Tambi zikiisha, sahani zinaondolewa. Ndipo inakuja nyama, au mayai, au kipande cha jibini, na mboga ikiwa peke yake. Mwisho tunda, linamenywa mezani kwa kisu. Kwetu ugali bila mboga si mlo. Kwao tambi na nyama ya kuchoma kwenye sahani moja ni fujo. Kama mtu wa lishe nilikuwa nahesabu kimyakimya, na hesabu ilinishangaza: nyama ilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea kwa watu wenye uwezo ule. Maharage yalikuwa mengi.

Hayo maharage yanastahili aya yake. Mama aliyaloweka usiku, yale yenye madoa mekundu yaitwayo borlotti, kisha akayachemsha pamoja na karoti, figili ya majani na kipande cha ganda la jibini. Ndiyo, ganda, ile sehemu ngumu ya nje ambayo mimi ningeitupa. Aliikwangua kwa kisu, akaitumbukiza, na baada ya saa mbili ikawa laini na watu wakaigombania. Nusu ya maharage aliyapitisha kwenye kinu kidogo cha mkono mpaka yakawa uji, akayarudisha kwa wenzao, ndipo akatia tambi fupi. Chakula kilipoiva hakikuliwa. Kiliachwa kitulie mpaka kijiko kisimame chenyewe, kikanyunyiziwa mafuta ya zeituni mabichi na pilipili manga. Mla makande yeyote angekaa pale mezani bila kuhitaji maelezo.

Mkate mkavu nao haukutupwa. Ulichemshwa kwenye supu ukawa chakula cha Nonna cha jioni, wanakiita panada. Au ulisagwa, ukaingia kwenye keki nzito ya Januari yenye zabibu kavu na tini. Nilichukua muda kuelewa kwamba huu haukuwa ubahili wa nyumba ile. Alikuwa ni mpishi mwingine aliyekuwa bado jikoni, mwenye umri mkubwa kuliko Nonna: njaa.

Sokoni nako nilijifunza mengi. Katikati ya Padova kuna Palazzo della Ragione, jengo kubwa lililoanza kujengwa karne ya 13, na pande zake mbili kuna viwanja vya soko, Piazza delle Erbe na Piazza della Frutta. Chini ya jengo lenyewe kuna vichochoro vya bucha na maduka ya jibini, samaki na tambi mbichi, na bucha la nyama ya farasi ambalo nililipita nikitazama mbele. Mnunuzi hagusi matunda. Muuzaji ndiye anayekuchagulia. Lakini kwanza anakuuliza utakula lini. Ukisema peari ni za leo anakupa zilizoiva, ukisema ni za keshokutwa anabadilisha mfuko. Wauzaji wetu wa maembe wangeliweza hili bila shida, ila sisi wanunuzi hatutakubali kuacha kuminya.

Pale ndipo nilipoijua radicchio ya Treviso, mboga nyekundu chungu ya majira ya baridi. Wakulima huing'oa pamoja na mizizi baada ya baridi kali kuipiga, kisha huiweka gizani, mizizi ikiwa kwenye maji ya chemchemi yanayotembea, mpaka majani mapya yanachipua ndani yakiwa membamba, meupe kwenye uti na mekundu pembeni. Wenyeji walinionya kuhusu uchungu wake. Mtu aliyekula mnafu tangu utotoni haogopeshwi na uchungu. Niliongeza.

Sasa polenta, ugali wao wa mahindi.

Ilikuwa Jumapili ya baridi, na mama alikuwa ameandaa samaki mkavu wa Norway, yule anayelowekwa siku mbili tatu kisha anapikwa saa nyingi kwa moto mdogo na vitunguu, maziwa na mafuta. Kwa samaki, watu wa Padova, Treviso na Venezia hutaka polenta nyeupe. Kijana alileta sufuria ya shaba na mti mrefu wa kusongea, na nilipoona unga ule mweupe unamwagwa kwenye maji ya moto niliomba nishike mimi. Unga wao ni wa chenga, kwa hiyo haukazi haraka kama sembe. Unasonga robo saa, nusu saa, dakika arobaini, na mkono unaanza kuuliza maswali. Ulipoiva ulipinduliwa juu ya ubao wa mbao, ukatuama kama mwezi mpevu, na baba akaukata kwa uzi ulionyooshwa, si kwa kisu.

Kila mtu alipewa kipande. Nonna alichukua samaki, akachukua mkate.

Nikamuuliza kama hapendi. "Polenta yangu nilishaimaliza," alisema. "Nilipewa ya maisha mazima, nikaimaliza kabla sijafika miaka ishirini."

Mjukuu wake alitafsiri bila kucheka, nikajua hakuwahi kuisikia hadithi ile mpaka mwisho. Walikuwa watoto wengi, shamba si lao, wanamlimia tajiri. Polenta asubuhi, polenta mchana, polenta usiku ile iliyobaki ikiwa imechomwa. Juu ya meza alining'inizwa samaki mmoja wa chumvi kwa kamba, na kila mtoto alikipangusa kipande chake kwenye samaki huyo ili kipate harufu, bila ruhusa ya kummega. Kisa hiki husimuliwa katika familia nyingi za kaskazini mwa Italia, na wapo wanaokisimulia kwa kicheko. Nonna hakucheka. Alisema samaki yule alikaa pale mpaka akawa hana harufu tena. Kisha akamtaja shangazi wa mama yake, aliyebabuka ngozi ya mikono na shingo, akaharisha, akaanza kusema peke yake, akafia kwenye hospitali ya vichaa.

Ugonjwa ule niliufahamu kutoka darasani. Ni pelagra, jina alilolitumia daktari Francesco Frapolli wa Milano mwaka 1771. Mahindi yalikuja kutoka Amerika, yakazaa vizuri kwenye tambarare za Veneto na Lombardia, na wenye mashamba wakaona wakulima wao wanaweza kuishi kwa hayo peke yake, ngano ikauzwa. Watu wa Meksiko waliyachemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, na kufanya hivyo kunaifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Meli zilizobeba mbegu hazikubeba maarifa hayo. Kwa zaidi ya karne moja madaktari walibishana kama ni sumu ya mahindi yaliyooza au ni vimelea, mpaka daktari Joseph Goldberger alipoonyesha Marekani, miaka ya 1910 na 1920, kwamba tatizo ni mlo wenyewe, na mwaka 1937 niasini ikatambuliwa kuwa ndiyo dawa. Wakati huo watu wa Veneto walikuwa wameshapanda meli kwa maelfu mengi kwenda Brazil na Argentina.

Nilifikiria kwetu. Mkoa wa Iringa unalima mahindi ya kulisha wengine, na bado ni miongoni mwa mikoa yenye udumavu mwingi wa watoto nchini. Udumavu si pelagra, na sisi maharage na mboga za majani tunavyo. Lakini nimekaa na akina mama wengi kliniki wakiniambia mtoto ameshiba, na ni kweli ameshiba, uji mweupe tumbo zima. Masomo yangu ya mwaka ule yalikuwa mazuri. Ila sentensi ya Nonna kuhusu samaki wa kamba ndiyo niliyoitumia zaidi niliporudi kazini, maana akina mama wa kwetu Kilolo waliielewa papo hapo, wakacheka, kisha wakaanza kutaja walivyonavyo shambani.

Kabla ya Pasaka nilipika ugali. Dukani kulikuwa na unga mweupe laini, nikasonga hadi ukakaza, na pembeni nikaweka majani yao yanayofanana na spinachi, nimeyaunga kwa karanga za kutwanga. Nonna alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipoipua alipinga: robo saa haitoshi, nitaua watu kwa tumbo. Nilimweleza habari ya unga laini, hakuamini. Mezani alinitazama ninavyofinyanga tonge, akalifinyanga lake kwa ustadi wa kunizidi, akachovya, akatafuna. "Mboga imeuokoa," alisema. Akaendelea na mboga.

Mwezi wa tisa kijiji kilikuwa na sagra, sherehe ya siku kadhaa ambapo watu hula kwenye meza ndefu chini ya mahema, na wanakijiji wenyewe ndio wapishi. Polenta ilikuwa imeandikwa kwenye bango kwa herufi kubwa, na vijana wa mjini walikuwa wamekuja kwa magari kuila. Unachukua karatasi ya orodha ya vyakula, unaweka alama, unalipia, unasubiri namba yako. Nonna alitaka mbavu za nguruwe. Karatasini zilikuwa pamoja na polenta. Akamnyang'anya mjukuu wake kalamu, akalikata neno polenta kwa mistari miwili, akaandika pembeni: mkate, vipande viwili.

Kijana wa malipo akamwambia kwa adabu kwamba mkate haulipiwi, upo mezani, wanachukua wanavyotaka.

"Basi andika vitatu," alisema Nonna.